Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Katika nchi ya Handeni maji ni kitu cha kugawanywa kwa hesabu. Mto mkubwa wa Pangani hupita upande wa Korogwe, na kutoka mto huo maji husukumwa kwa mitambo na kupelekwa Handeni kwa Bomba Kuu, mradi ulioasisiwa katika miaka ya 1970. Mkazi wa Misima hana haja ya kuelezwa kwamba tangi moja likigawanywa vizuri huweza kutosha nyumba nyingi, na kwamba likigawanywa ovyo halitoshi hata nyumba moja.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo msingi wa ufundi mmoja wa kompyuta ambao walimu na wanafunzi wa shule za sekondari wanafaa kuufahamu. Kwa ufundi huo, kompyuta moja ya mezani hugawanywa kwa njia ya programu ikawa kompyuta kadhaa, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Kompyuta za namna hiyo huitwa kompyuta pepe.

Faida ya jambo hili kwa shule si ndogo. Na ichukuliwe mfano wa shule ya kijijini yenye kompyuta moja au mbili tu. Aghalabu mashine hiyo hufungiwa ofisini, kwa sababu ndiyo inayotunza alama za mitihani na barua za shule. Mwalimu huogopa kwamba mwanafunzi akiachiwa aiguse ataiharibu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujifunza kompyuta kwa kutazama mchoro ubaoni, kama mtu anayefundishwa kuogelea pasipo maji. Hofu ya mwalimu ina haki, lakini dawa yake si kufuli. Dawa ni kumpa mwanafunzi kompyuta ambayo akiiharibu, yaweza kurudishwa katika hali yake ya kwanza kwa muda wa dakika chache.

ASILI YA UFUNDI HUU

Ufundi wa kompyuta pepe ulizaliwa wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilizidi uwezo wa taasisi nyingi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Katika miaka hiyo hiyo, wataalamu wa kampuni ya IBM huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walikuwa wakitafuta njia ya kuwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja bila ya mmoja kuivuruga kazi ya mwingine. Mfumo wao wa kwanza, ulioitwa CP-40, ulianza kazi mwaka 1967. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitoa mfumo wa VM/370, ambao ulienea katika ofisi na vyuo vingi.

Mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha makala iliyoeleza masharti ambayo mashine hupaswa kuyatimiza ili iweze kugawanywa hivyo. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Hivyo kizazi kizima cha wanafunzi wa Tanzania kilikua ufundi huu ukiwa umekwisha kukomaa mahali pengine.

Kompyuta za mezani zilipoenea duniani, prosesa zake hazikuwa zimetengenezwa kwa kazi ya kugawanywa. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilitoa programu iliyoikwepa kasoro hiyo kwa hila za kiufundi. Miaka ya 2005 na 2006 kampuni za Intel na AMD zilianza kuziwekea prosesa zao uwezo maalumu wa kazi hiyo, na mwaka 2007 ikatolewa VirtualBox, programu ambayo kiini chake ni huria, yaani mtu yeyote aruhusiwa kuitumia na kuigawa bila malipo. Tangu hapo ufundi uliokuwa wa matajiri umeweza kuingia katika darasa la kawaida.

MWENYEJI, MGENI NA MSIMAMIZI

Ili kuelewa kompyuta pepe hapana budi kwanza kukumbuka sehemu za kompyuta halisi. Kila kompyuta ina prosesa, ambayo hutekeleza amri. Ina kumbukumbu, ambayo hushika yale yanayofanyiwa kazi wakati huo. Na ina diski, ambayo hutunza mafaili hata umeme ukizimwa. Juu ya vyombo hivyo hukaa mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, ambao huviongoza vyote na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi.

Kwa kawaida kompyuta huendeshwa na mfumo endeshi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta pepe hubadilisha desturi hiyo. Mfumo uliotangulia kuwekwa katika mashine huitwa mwenyeji. Mfumo unaowekwa ndani ya kompyuta pepe huitwa mgeni. Kati yao hukaa programu ya tatu, ambayo ni msimamizi. Kazi ya msimamizi ni kumwonyesha mgeni prosesa, kumbukumbu, diski na kiwambo, akaamini kwamba vyote ni vyake. Kwa kweli kumbukumbu ya mgeni ni fungu lililokatwa kutoka katika kumbukumbu ya mwenyeji, na diski yake ni faili moja kubwa lililokaa katika diski ya mwenyeji.

Jambo hilo la mwisho ndilo la kushika sana. Diski nzima ya mgeni, pamoja na mfumo endeshi wake, programu zake na kazi zote za wanafunzi, ni faili. Na faili laweza kunakiliwa, kuhamishwa, kufutwa na kurudishwa. Ndiyo maana kompyuta pepe iliyoharibika si msiba.

Popek na Goldberg walitaja masharti matatu ya msimamizi mwema. La kwanza, programu iendeshwayo ndani ya mgeni itoe matokeo yale yale ambayo ingeyatoa katika mashine halisi. La pili, amri nyingi za mgeni zitekelezwe na prosesa moja kwa moja, ili kazi isicheleweshwe mno. La tatu, mamlaka juu ya vyombo vyote yabaki mikononi mwa msimamizi.

Masharti hayo hutimizwa kwa kuzibagua amri. Amri za kawaida, kama kujumlisha namba mbili, hupita moja kwa moja mpaka kwenye prosesa. Amri nyeti, kama ile inayotaka kubadilisha mpangilio wa kumbukumbu au kuamuru diski, haziruhusiwi kupita. Prosesa huzikamata na kumkabidhi msimamizi, naye huamua. Mfano wake ni mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi. Aweza kupika, kulala na kupanga vitu vyake chumbani bila kuomba ruhusa; lakini akitaka kubomoa ukuta, au kufungua bomba la tangi la nyumba nzima, hana budi kumwita mwenye nyumba.

KUPIMA TANGI KABLA YA KUGAWA

Kosa la kawaida la anayeanza ni kumpa mgeni kumbukumbu nyingi kupita kiasi, akidhani kwamba atakwenda kasi. Mgeni akinyang'anya maji yote ya tangi, mwenyeji hukauka. Na mwenyeji akikauka, wote wawili husimama. Kwa hiyo hesabu hutangulia.

Na ichukuliwe kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mwenyeji mwenye Windows ya siku hizi aachiwe walau gigabaiti 4. Zinabaki 4. Mgeni mwenye Linux ya aina nyepesi huweza kuridhika na gigabaiti 2. Basi mashine hiyo yaweza kuwapokea wageni wawili kwa wakati mmoja, wala si zaidi. Kompyuta yenye gigabaiti 4 tu yafaa ipokee mgeni mmoja mdogo, na hata huyo atakwenda kwa kujikokota.

Ifahamike kwamba kizuizi hiki ni cha wageni walioamka tu. Wageni waliozimwa hawatumii kumbukumbu hata kidogo. Wanachotumia ni nafasi ya diski. Shule yaweza kutunza wageni kumi katika diski moja, ikawaamsha mmoja mmoja kwa zamu, kila darasa na wake.

Diski ya mgeni huweza kutengenezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza hukata nafasi yote tangu mwanzo: diski ya gigabaiti 25 huchukua gigabaiti 25 papo hapo. Namna ya pili huanza na faili dogo linalokua kadiri mgeni anavyoandika, mpaka lifike kikomo kilichowekwa. Namna ya pili huokoa nafasi, lakini ina mtego. Wageni watano walioahidiwa gigabaiti 25 kila mmoja wameahidiwa jumla ya gigabaiti 125. Ikiwa diski ya mwenyeji imebakiwa na gigabaiti 80 tu, ahadi hiyo ni deni lisilolipika, na siku itafika ambapo wageni watakwama katikati ya kazi.

HATUA ZA KUIJENGA

Kwanza, hakikisha kwamba uwezo wa prosesa wa kugawanywa umewashwa. Katika kompyuta nyingi uwezo huo huwekwa ukiwa umezimwa. Huwashwa katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapoanza kuwaka, kabla mfumo endeshi haujaingia. Katika mashine za Intel hutajwa kwa jina la VT-x, na katika za AMD kwa jina la AMD-V au SVM. Uwezo huu usipowashwa, msimamizi hukataa kumwamsha mgeni au humwendesha kwa taabu kubwa.

Pili, weka programu ya msimamizi katika mwenyeji. VirtualBox yafaa kwa mwenyeji wa Windows au wa Linux. Mwenyeji wa Linux aweza pia kutumia KVM, ambayo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007.

Tatu, tafuta faili la kusimikia mfumo wa mgeni. Aina nyingi za Linux hutolewa bila malipo. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, yatosha mtu mmoja alipakue faili hilo mjini, Handeni au Korogwe, na kulileta kijijini kwa kidude cha kuhifadhia mafaili. Kabla ya kulitumia, alama ya uhakiki iliyotolewa na watengenezaji ilinganishwe na ile ya faili lililopokelewa; zikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa.

Nne, tengeneza mgeni mpya, umpe jina linaloeleza kazi yake, kumbukumbu yake na diski yake kwa kufuata hesabu iliyokwisha elezwa. Tano, mwashe mgeni kwa faili la kusimikia na ufuate maelekezo, kama ambavyo ungefanya katika mashine halisi. Pale mgeni atakapouliza kama diski yote ifutwe, hapana haja ya kuogopa: diski anayoiona ni faili lake tu, na mafaili ya mwenyeji hayaguswi.

Mwisho, mgeni akikamilika, azimwe, kisha itunzwe nakala yake safi ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuitumia. Hiyo ndiyo mbegu. Kila mkulima ajua kwamba mbegu hailiwi.

PICHA YA HALI SI NAKALA YA AKIBA

Wasimamizi wengi wana uwezo wa kupiga picha ya hali. Mwalimu hupiga picha kabla ya kipindi. Wanafunzi wakifuta mafaili, wakivuruga mipangilio au wakijaribu amri za hatari, mwalimu humrudisha mgeni katika hali ya picha, na athari yote hutoweka.

Yafaa ieleweke jinsi jambo hili linavyofanyika. Picha inapopigwa, faili la diski ya mgeni hufungwa lisiandikwe tena. Mabadiliko yote yanayofuata huandikwa katika faili jipya la pembeni. Mgeni anaposoma, msimamizi hutazama kwanza faili la pembeni. Asipokuta kitu humo hurudi katika faili la zamani. Kurudi nyuma ni kulitupa faili la pembeni.

Kutokana na maelezo hayo yanapatikana mafunzo mawili. La kwanza, picha nyingi zikiachwa kwa muda mrefu hurundika mafaili ya pembeni, hula diski na kumchelewesha mgeni. Picha ambayo kazi yake imekwisha ifutwe kwa kutumia msimamizi mwenyewe, ambaye huyaunganisha mafaili. Kamwe mafaili ya pembeni yasifutwe kwa mkono, kwani mnyororo ukikatika kiungo kimoja, mgeni mzima hupotea.

La pili ni zito zaidi. Picha ya hali hukaa katika diski ile ile ya mwenyeji. Diski hiyo ikifa, mgeni, picha zake na mbegu hufa pamoja. Nakala ya akiba ya kweli ni ile iliyo katika diski nyingine, iliyowekwa mahali pengine, na iliyokwisha jaribiwa kurudishwa.

UMEME, MTANDAO NA VIRUSI

Umeme ukikatika ghafula mgeni akiwa anaandika, mafaili mawili huwa hatarini kwa pamoja: lile la ndani ya mgeni, na lile la diski ya mgeni kwa upande wa mwenyeji. Shule isiyo na betri ya dharura haina budi kupata hata iliyo ndogo. Betri hiyo haikusudiwi kuendeleza somo. Kazi yake ni kutoa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Msimamizi ana amri ya kuhifadhi hali, ambayo huandika kumbukumbu ya mgeni katika diski na kumlaza usingizi. Umeme ukirudi, mgeni huamka pale pale alipolala.

Kwa upande wa mtandao, mgeni aweza kuwekwa katika hali tatu zinazofaa kujulikana. Aweza kutoka nje kupitia kwa mwenyeji. Aweza kuunganishwa na wageni wenzake tu bila kutoka nje. Na aweza kutengwa kabisa. Hali ya pili ni hazina kwa mwalimu. Kwa kompyuta moja isiyo na intaneti, wageni wawili wadogo waweza kuunganishwa, mmoja akawa mtoa huduma na mwingine mteja, na wanafunzi wakaona kwa macho yao jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka mashine moja hadi nyingine.

Hali ya tatu ndiyo ifaayo kwa mfumo uliozeeka. Zipo programu za zamani ambazo bado zahitajika na ambazo zafanya kazi katika Windows XP tu, mfumo ambao watengenezaji wake waliacha kuutunza tarehe 8 Aprili 2014. Mfumo kama huo ukiwekwa kama mgeni aliyetengwa, programu hutumika bila ya mlango kuachwa wazi. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukuta kati ya mgeni na mwenyeji ni imara, lakini watu wenyewe huutoboa. Folda inayoshirikishwa kati ya wawili hao ni mlango, na virusi hupita mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Kwa wageni wa mazoezi, folda hiyo ifungwe, au ifunguliwe kwa kusoma tu.

RATIBA YA MATUNZO

Kila siku, wageni wote wazimwe au walazwe kabla mwenyeji hajazimwa. Kila wiki, nafasi iliyobaki katika diski ya mwenyeji itazamwe na picha zisizo na kazi ziunganishwe. Kila mwezi, mwenyeji, msimamizi na mbegu vipewe masahihisho yaliyotolewa na watengenezaji, kisha mbegu inakiliwe upya katika diski ya akiba. Kila muhula, nakala moja ya akiba irudishwe kwa majaribio ili ihakikishwe kuwa ni nzima, na vumbi lipulizwe nje ya mashine. Kwa kuwa prosesa inayoendesha wageni wengi hupata moto zaidi, na vumbi huziba njia za hewa.

Daftari la kawaida liwekwe kando ya mashine, liandikwe jina la kila mgeni, kazi yake, kumbukumbu aliyopewa na tarehe ya nakala ya mwisho. Mwalimu akihamishwa, anayemrithi asianze gizani.

MIPAKA YAKE

Kompyuta pepe haiongezi nguvu ya mashine. Tangi la lita elfu halizidi kuwa la lita elfu mbili kwa kuongezewa mabomba. Michezo mizito ya picha, na kazi zinazohitaji vyombo maalumu, hazimfai mgeni. Kadhalika mgeni hana budi kuwa wa aina ya prosesa ya mwenyeji. Kumwendesha mgeni wa aina nyingine huhitaji kuiga kila amri, kazi ambayo programu kama QEMU huiweza, lakini kwa mwendo wa pole mno. Tena haki za watengenezaji hazifutiki kwa sababu kompyuta ni pepe: Windows iliyo ndani ya mgeni yahitaji leseni yake.

Ndiyo sababu Linux imekuwa mgeni wa kawaida mashuleni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice katika Kiswahili, ukathibitisha kwamba programu huria zaweza kuzungumza lugha ya mtumiaji. Mwanafunzi anayetaka kuzijua programu za namna hiyo hahitaji tena kufuta mfumo wa shule. Hukaribishwa chumba chake, akafungua, akavunja, akajenga upya. Na ofisi ya mkuu wa shule, iliyo katika mashine hiyo hiyo, isisikie kishindo.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kompyuta ina kumbukumbu ya gigabaiti 16. Mwenyeji anahitaji 4 na kila mgeni anahitaji 2. Ni wageni wangapi, kwa wingi wao wote, waweza kuamshwa kwa pamoja? Kwa nini ni busara kuwapunguza?

2. Diski ya mwenyeji imebakiwa na gigabaiti 60. Wageni wanne wametengenezewa diski zinazokua, kila moja ikiwa na kikomo cha gigabaiti 25. Eleza hatari iliyopo, na utaje njia mbili za kuiepuka.

3. Mwalimu mmoja alipiga picha ya hali kila Ijumaa kwa muhula mzima, akasema kwamba kazi za darasa lake haziwezi kupotea. Diski ikafa. Eleza kwa nini picha zake hazikumsaidia, na uandike utaratibu ambao angeufuata.